Anayeleta Ndiye Anayeonja

Kwetu Bungoma, mtu akikuletea pombe, yeye ndiye anayeionja kwanza. Haijalishi ni shemeji au ni askofu. Anapiga funda moja mbele ya macho yenu, anameza, mnamtazama, na akibaki mzima ndipo nanyi mnakunywa. Tunaita kutoa uchawi. Watu wa tumbo moja peke yao ndio wasioonjeana. Wakenya wenzangu hapa Birmingham hunicheka nikisema hivyo, lakini sijawahi kusikia mtu aliyekufa kwa kungoja mwenziwe aonje.

Naeleza haya mapema usije ukaniona mshari. Jumamosi ile Oliver alikuwa anamleta baba yake kwangu Perry Barr, kuja kumposa Fiona, na mimi nilikuwa na haki zangu zote za kushuku.

Fiona ni mtoto wa ndugu yangu mkubwa, Barasa. Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ndiyo iliyommaliza Barasa. Haikummaliza siku moja. Ilimla kama mchwa wanavyokula kiti, watu wanakikalia wakiona kiko sawa, mpaka siku kinapovunjika. Fiona alipokuwa mdogo alikuwa na tabia moja: hakuwa akimtazama baba yake usoni. Alimtazama mkono. Mkono ukielekea kikombe, mtoto anatafuta kandambili zake, anakwenda kulala kwa jirani. Tulipomzika Barasa nilimwambia mama yangu, mchanga ukiwa bado mkononi mwangu, kwamba mtoto huyu hataingia tena nyumba ya mlevi nikiwa hai. Kisha nikamleta huku, tukamlea mimi na mke wangu Milka, akasoma, akawa nesi, akampata Oliver.

Oliver mwenyewe sina neno naye. Kijana wa mtaa wa Kings Heath, mpole, ugali anaula kwa mkono bila kuambiwa. Shida ilikuwa baba yake. Nilimuuliza Fiona, huyu mzee anafanya kazi gani? Akasema alikuwa na baa zamani. Na sasa? Sasa hana. Kwa nini hana? Akageuza uso, akaniambia, "It's a long story, Baba mdogo."

Mimi ni dereva wa basi. Nimeendesha namba 11 mpaka kona zake naziota usingizini, na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye hadithi ndefu ni yule asiye na tikiti.

Walifika mchana. Upande wetu tulikuwa mimi, Milka, na rafiki yangu Njoroge, niliyemwita awe mzee wa pili kwa sababu wazee wangu wa kweli wako Bungoma. Njoroge ni Mkikuyu, mila zetu hazijui, lakini ana tumbo na ana koti. Hapa ugenini hiyo inatosha uzee.

Baba yake Oliver anaitwa Malachy. Mtu mrefu, mkavu, nywele nyeupe zote, suti imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alizaliwa Ayalandi, akaja Birmingham kijana, na mkewe alishafariki. Mkono wa kushoto alikuwa amebeba kisanduku cha mbao. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni. Ulitoka kutusalimia, kisha ukarudi upesi, na niliona vidole vikicheza na kitu mle ndani. Hapo hapo nikaliandika moyoni.

Tukala kuku, tukanywa chai, tukazungumza habari za mvua na barabara. Kisha Malachy akakiweka kisanduku katikati ya meza.

"Hii ni ya wazee," akasema. Tulikuwa tukizungumza Kiingereza, mimi nakusimulia kwa lugha yetu.

Njoroge alikifungua kabla sijamruhusu. Ndani kulikuwa na chupa ya wiski ya Ayalandi, iliyolala kwenye mapipa miaka ishirini na kitu kabla ya kutiwa chupani. Chini ya jina lake iliandikwa kwa herufi za dhahabu: pot still. Njoroge akauliza maana yake.

"Inapikwa kwenye chungu kikubwa cha shaba," Malachy akasema, na sauti yake ikawa nyingine, kama mtu anayemtaja rafiki. "Shayiri iliyoota na shayiri mbichi, pamoja. Ile mbichi ndiyo inayoipa uzito na ukali wake. Moto chini, mvuke unapanda, unapozwa, unakusanywa."

Nikaelewa haraka kuliko alivyodhani. Iliyoota ni kimea, na kimea ndicho mama zetu wanachotia kwenye pombe ya busaa. Na kitu cha kupikwa kwenye chungu mpaka mvuke ugeuke pombe nakijua pia. Ni chang'aa. Mtu ananiletea chang'aa iliyovaa suti, nikawaza, aje achukue mtoto wa Barasa.

Nikavaa miwani, nikaichukua chupa, nikaenda nayo dirishani. Lakiri yake nyekundu ilikuwa nzima, na vumbi limeingia kwenye mikunjo yake mpaka likawa sehemu yake. Nikapitisha kucha kuizunguka. Kweli hakuna aliyeifungua.

"Si unaona imefungwa kiwandani," Njoroge akaninong'oneza.

"Uchawi haubishi hodi kwenye kizibo," nikamjibu.

Nikamuuliza Malachy aliitoa wapi. Akasema aliinunua wiki aliyozaliwa Oliver, akaiweka kwa ajili ya siku kama hii. Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Rohoni nilisema, huyu ananiona mtoto wa jana. Mwenye baa akae na chupa moja tangu mwanawe azaliwe asiiguse? Paka gani huyo anayelindia watu samaki?

Niliikata lakiri mwenyewe. Kizibo kilikuwa kikavu kwa uzee, kikavunjika, nusu ikabaki mkononi mwangu na nusu ikaangukia ndani vipande vipande. Nikadhani nimeharibu mambo. Malachy hakukasirika. Alimwomba Milka kichujio, na Milka akaleta kile cha chai, akakisuuza mara mbili. Basi wiski ile ya dhahabu ikachujwa kama chai ya asubuhi, ikaingia kwenye jagi la maziwa, na kutoka humo Malachy akatumiminia kidogo kidogo kwenye glasi zenye mguu. Njoroge alikuwa tayari ameshika chupa ya Coke. Malachy akamwomba, kwa upole sana, airudishe kwenye friji.

"Maji kidogo tu," akasema. "Matone. Kisha muiache ikae. Ilifungiwa muda mrefu, iacheni ipumue."

Alijimiminia na yeye. Hilo nililiona, nikatulia kidogo. Akainua glasi kwa mguu wake, akaiweka chini ya pua, mdomo wazi kidogo, macho yamefumbwa. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuona haya, kama niliyemkuta mtu akisali.

"Sukari iliyoungua," akasema. "Ngozi ya kiti cha zamani. Karafuu. Na nyuma kabisa kuna tofaa, tofaa la kijani. Lakini hilo hulipati puani. Hilo liko mdomoni tu, mwishoni, ukishameza."

Halafu akaiweka glasi mezani. Akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikafika katikati, mbali naye. Mkono ukarudi mfukoni.

"Karibuni," akasema.

Njoroge akanyoosha mkono, nikampiga teke chini ya meza. Kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasikia. Mtu anajuaje kuna tofaa mwishoni, ukishameza, na yeye hajameza?

"Mzee Malachy," nikasema, "kwetu anayeleta ndiye anayeonja." Nikamweleza mila vizuri, bila ukali, hata nikacheka kidogo ili asione ni kesi. Alisikiliza yote. Rangi ikamtoka usoni.

"Nyinyi kwanza," akasema. "Mimi nitaongeza chai, kama ipo."

"Chai ipo. Lakini onja kwanza."

Oliver akasimama. "Nitaonja mimi."

"Chupa ni ya nani?"

"Ya baba."

"Basi aonje baba."

Kijana akakaa. Na hapo nikaona kitu ambacho kilinisumbua. Hakuwa akimtazama baba yake usoni, wala hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameukodolea macho ule mkono ulio mfukoni. Macho yale nilishawahi kuyaona mahali, sikukumbuka wapi. Nikasema, hawa wawili wana lao.

"Baba mdogo, please," Fiona akasema. "Just leave it."

Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anajua. Nitasema ukweli, iliniuma. Nimemlea mtoto huyu, nimemsuka nywele kwa vidole vya dereva, Milka akiwa zamu kazini, leo yuko mezani kwangu ananificha jambo na watu wa nje. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mbele yangu kulikuwa na mtu anayepapasa nguo yake. Vidole vilikuwa vinageuza kitu mle mfukoni, vinageuza, vinageuza. Chupa nimeikagua. Lakiri nimeikata mwenyewe. Kilichobaki ni kile kitu.

"Toa ulichoshika mfukoni," nikamwambia.

"Arnold," Milka akasema. Huniita jina langu hivyo nikikaribia kupitisha kituo.

"Atoe. Huyu mtu amekuja na hirizi nyumbani kwangu."

Malachy akauliza hirizi ni nini. Fiona akamweleza kwa Kiingereza, polepole, macho chini: ni kitu mtu anachobeba mwilini ili kimkinge na mabaya. Mzee akafikiri.

"Ndiyo," akasema. "Nadhani ndiyo."

Akautoa mkono, akakiweka mezani. Ilikuwa sarafu ya shaba, si pesa. Ilikuwa imesuguliwa kwa vidole mpaka pembetatu iliyochorwa katikati yake inakaribia kufutika.

"Kwenye chama chetu cha walioacha pombe wanakupa ukimaliza mwaka bila kunywa," akasema. "Hii ni ya mwaka wa kwanza, Oliver akiwa bado shule ya msingi. Nyingine ziko kwenye droo. Mimi ni mlevi, Arnold. Ile baa niliinywa yote. Mke wangu alipofariki nilikunywa mpaka marashi yake."

Njoroge alitazama kando. Mimi sikutazama kando. Nilikuwa nimeshinda, unaelewa? Tangu mwanzo nilisema kuna jambo, na jambo ndilo hilo, limekaa mezani kwangu linang'aa. Lakini sikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Nilikuwa na hasira.

Nikamgeukia Fiona. "Ulijua?"

"Nilijua," akasema. Kwa Kiswahili. Mtoto huyu hunijibu kwa Kiingereza siku zote, na akinijibu kwa Kiswahili najua hakuna mchezo. "Na nilijua utasema nini. Ndiyo maana sikusema."

"Na hii chupa?" nikamuuliza Malachy. "Wewe uliyekunywa marashi ya marehemu, hii chupa ilikuwa wapi?"

"Juu ya kabati la Oliver, chumbani kwake. Niliishusha mara nyingi. Nilikaa nayo mapajani." Akakitazama kile kipande cha kizibo kilichokuwa bado mbele yangu. "Kila nilichokuwa nacho nilikinywa, na vya watu wengine pia. Hii sikuifungua. Sijui kwa nini. Ilikuwa yake."

Nilitaka kusema anadanganya. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini lakiri ile niliikagua mimi, kwa miwani yangu, kwa kucha yangu, kwenye mwanga wa dirisha langu. Vumbi lile halikuwekwa jana.

"Na tofaa?" nikauliza. "Umejuaje kuna tofaa?"

"Niliionja siku aliyozaliwa, kwenye chupa nyingine. Kidogo tu. Ndiyo maana nikanunua hii."

Nilikuwa na jibu langu, nilikuwa nimelibeba tangu kaburini kwa Barasa, na kila mtu pale mezani alikuwa analingoja. Fiona alikuwa amenyooka kitini kama mtu aliye mbele ya hakimu. Hapana. Neno moja tu, na mahari na harusi na kila kitu vinaishia hapo.

Njoroge, masikini, alitaka kusaidia. Hapendi watu wanaponyamaza. "Sasa jamani," akasema, "si tone tu? Aloweshe ulimi, mila itimie, tuendelee na mengine."

Malachy akamtazama mwanawe. Kisha akanitazama mimi, na hakukuwa na ujanja wowote usoni mwake. Alikuwa mzee aliyechoka tu.

"Kama hiyo ndiyo heshima ya nyumba hii," akasema, "nitaonja."

Akanyoosha mkono. Sarafu ilibaki mezani, na mkono ukapita juu yake ukaelekea kwenye glasi. Nikamtazama Oliver. Yeye hakumtazama baba yake usoni. Aliutazama mkono, na hapo nikakumbuka macho yale niliyaona wapi. Mwanamume mzima, mabega mapana, amekaa kwenye sebule yangu Perry Barr, na macho yake yanatafuta kandambili.

Niliinyakua ile glasi. Nusu ya wiski ilimwagika kwenye kitambaa cha Milka. Iliyobaki nikaitia mdomoni, nikameza.

"Arnold," Njoroge akasema, "haijaonjwa."

"Najua."

Yeye hakuelewa, ila Milka alielewa. Alifunika mdomo kwa kiganja. Fiona naye alielewa, maana kwetu mtu hanywi kisichoonjwa isipokuwa kimetoka kwa mtu wa tumbo moja naye. Alianza kulia bila sauti, na Oliver akawa anamuuliza what, what's happened, na yeye anashindwa kumweleza.

Mimi nilikuwa namfikiria Barasa. Barasa angekuwa na sarafu kama ile, Jumamosi ile angekuwa amekaa pale kwenye kiti cha baba, tumbo lake na koti lake, na mimi ningekuwa mzee wa pili. Iliniuma sana. Bado inaniuma.

Nikaisukuma sarafu kwa kidole mpaka ikamfikia Malachy. Akaichukua. Milka akaweka kikombe cha chai mbele yake, sukari mbili, bila kumuuliza.

"Ikoje?" Malachy akaniuliza.

Nilidhani anauliza kuhusu mambo ya posa. Kisha nikaona jinsi alivyoegemea mbele, kikombe cha chai mikononi, hapepesi macho. Alikuwa anauliza kuhusu wiski. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu hakujua. Ameiweka chupa ile miaka yote, ameikalisha mapajani, ameinunua kwa ajili ya ladha moja ya siku moja, na haruhusiwi kujua kama bado imo.

Sasa mimi wiski huwa naimeza kama dawa ya malaria. Ukiniuliza ladha yake nitakuambia ni kali. Lakini mtu hakuangalii vile ukamjibu ni kali. Nikamimina nyingine kutoka kwenye jagi la maziwa, kidogo, nikatia matone ya maji, nikaingoja ipumue kama alivyosema. Nikanusa. Nikashika funda mdomoni nisilimeze.

"Kuna sukari guru," nikamwambia. "Hujui sukari guru. Kwetu wanachemsha maji ya miwa kwenye sufuria kubwa mpaka yanakuwa mazito, meusi. Ukipita barabarani unaisikia harufu. Ni hiyo hiyo."

"Sukari iliyoungua," akasema.

"Ni nzito. Inakaa ulimini kama uji wa maziwa. Halafu inakuja pilipili, lakini si ya kuchoma. Na karafuu, umesema kweli."

"Na tofaa?"

Sikuwa nimelipata. Ningeweza kumdanganya, na wote pale mezani wangefurahi. Lakini mtu huyu nilimshuku mchana kutwa na hakunidanganya hata neno moja. Nikapiga funda jingine, nikafumba macho, nikameza, nikangoja. Moto ulipita. Karafuu ikapita. Na kule nyuma kabisa, nilipokuwa nimeshakata tamaa, kikaja kitu kibichi, kichachu kidogo, kisafi.

"Lipo," nikasema.

Malachy aliinamisha kichwa juu ya chai yake. Mabega yalimtikisika, na Oliver akamwekea mkono mgongoni. Nilimpa nafasi. Kisha nikagundua ladha ilikuwa bado haijaisha, ilikuwa inageuka tena, na neno ambalo sijamwita mwanamume yeyote tangu Barasa likanitoka lenyewe.

"Ngoja, ndugu yangu," nikamwambia. "Kuna kingine hapa."